Kichekesho Kilichosubiri Idhini

Jumamosi, 3 Septemba

Shajara hii nimepewa na Daktari, yaani daktari wa meno, rafiki wa mume wangu. Ni ile ambayo kliniki yake inawagawia wateja: kila ukurasa una jino linalocheka, na chini yake ushauri. Wa leo unanitaka nipige mswaki dakika mbili. Nilimwambia kwamba nimesahihisha maandishi ya watu gazetini miaka thelathini na moja, nimestaafu, sitaki tena kuona mstari. Akasema, “Basi andika yako, shemeji, tuone kama na wewe hukosei.” Kwa hiyo nimeanza kwa hasira.

Msimu wa maji maangavu umefunguliwa leo. Kila Jumamosi, mpaka upepo utakapochafua bahari, mume wangu na Daktari watabeba mitungi ya hewa migongoni na kuzama kutazama samaki ambao wangeweza kuwaona sokoni bila kulowa. Wamefanya hivyo miaka ishirini na miwili. Mume wangu ni fundi wa lifti. Wiki nzima anapanda na kushuka majengo ya watu, halafu siku ya mapumziko anakwenda kushuka tena.

Mimi sijui kuogelea. Hata beseni naliheshimu. Pamoja na hayo, mimi ndiye msimamizi wa ukurasa wa wazamiaji mtandaoni, wanachama elfu nne na ushee, kwa sababu walipotafuta mtu wa kuandika kanuni Fundi, yaani mume wangu, alininyooshea kidole na Daktari akapiga makofi. Kanuni zenyewe ni nne. Tatu za mwanzo ni za adabu tu. Ya nne ndiyo yangu: ajali yoyote iandikwe kwa ukweli wote ili wengine wajifunze, na aliyejua akanyamaza anatolewa.

Kila video hupitia kwangu kwanza. Daktari hutuma kichekesho kila Jumamosi akiwa kwenye boti, na kila Jumamosi namkata. Cha leo kilikuwa cha dakika sita, nimeacha moja. Amenipigia simu kulalamika kwamba nimemng’oa bila ganzi.

Jumatano, 7 Septemba

Nimemtoa Nahodha Miwani ukurasani. Mwezi uliopita mgeni alizimia kwenye boti yake, naye akaficha. Ameandika kwamba nina moyo wa rula. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 10 Septemba

Leo nimewasindikiza hadi gatini, nikakaa kwenye kivuli cha banda la mitungi. Anayetawala pale ni mwanamke wa makamo, mpana, mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Wanamwita Mama Mitungi. Yeye ndiye anayejaza hewa, anapakia boti na kwenda nayo. Kabla mtu hajazama, hufungua koki ya mtungi hadi mwisho, kisha huupiga makofi mawili, pa, pa, kama anayemtuliza mtoto mchanga. Ukisikia makofi, ujue mtungi uko tayari.

Mume wangu, bila shaka, hatosheki. Lazima apite nyuma ya Daktari, aishike ile koki, aivute kuja kwake mpaka igome, kisha airudishe robo kama walivyofundishwa zamani. Ndivyo anavyoaga kabla ya kuingia majini. Mwenyewe anasema ni kubisha hodi.

“Mumeo ananikagua kama bomba la jikoni,” Daktari aliniambia.

“Afadhali wewe mara moja kwa wiki,” nikamjibu. “Mimi ni kila siku.”

Na si uongo. Katika miaka thelathini ya ndoa sijawahi kuzima jiko likazimika. Nitazima mimi, nitafunga mtungi wa gesi mimi, halafu Fundi atauliza, “Umefunga?” Nitasema nimefunga. Atasema, “Haya,” kisha atanyanyuka na kwenda kuangalia. Zamani tulikuwa tunagombana kwa hilo. Siku hizi nahesabu hatua zake tu: kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi.

Jumatano, 14 Septemba

Hakuna jipya. Jino linasema nipunguze sukari. Nimelijibu.

Jumamosi, 17 Septemba

Asubuhi Daktari katuma kichekesho kingine, dakika nne na nusu. Nikasema kitasubiri, nina nguo za kuanika.

Saa sita na robo simu ikaita. Ilikuwa Mama Mitungi, na ile sauti yake ya zamu haikuwepo. Alisema, “Mama, njoo hospitali. Mzee wako ni mzima. Njoo.” Alivyotanguliza kwamba wangu ni mzima, nikajua ni nani ambaye si mzima.

Nilimkuta Fundi kwenye benchi la korido, peku, suti ya kuzamia imeshushwa hadi kiunoni, maji yanamdondoka na kutengeneza dimbwi chini ya benchi. Mkononi alishika pezi moja la mpira, la Daktari. Mfanyakazi wa usafi alikuwa amesimama na dekio lake, anasubiri, hathubutu kumwambia ainue miguu.

Aliniambia mara moja tu, kwa mpangilio, kama anayetoa ripoti ya lifti. Walikuwa mita ishirini na nane. Daktari alimgeukia akapitisha mkono shingoni, maana yake sina hewa. Fundi akamchomekea mdomoni kipumulio chake cha akiba. Daktari akakishika, akakitoa, macho yakamtoka. Wakapanda pamoja, Fundi amemkumbatia. Walipofika juu, hakupumua. Walimshindilia kifua njia nzima hadi gatini, Fundi na Mama Mitungi, kwa zamu.

“Geji yake ilikuwa inaonyesha hewa tele tulipokuwa juu,” alisema. “Niliiona kwa macho yangu. Kitu gani kile, Mhariri?” Ndivyo anavyoniita. Nilimwambia sijui.

Mke wa Daktari aliletwa na jirani. Yeye hushona mapazia, na alikuja na futi ya kupimia imening’inia shingoni, hakukumbuka kuivua. Aliingia chumbani, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alikaa katikati yetu, akamwegemea Fundi begani palepale palipolowa.

Rafiki yetu amefariki. Nimeandika sentensi hiyo nione kama ni kweli.

Jumapili, 18 Septemba

Binti wa Daktari, anayesoma nje, ameupata msiba wa baba yake kwenye ukurasa wangu. Mama yake alikuwa bado anatafuta namna ya kumwambia. Mtu ambaye hata kwenye boti hakuwepo aliandika: “Daktari wa meno kafa maji, subirini ripoti.” Alama ya mshumaa, basi.

Nimefunga mlango: kila kitakachoandikwa sasa kitapita kwanza kwenye foleni ya idhini. Kufikia jioni foleni ilikuwa na watu mia mbili na arobaini.

Jumatatu, 19 Septemba

Tumemzika leo. Sina la kuandika.

Jumatano, 21 Septemba

Penye wengi pana mengi. Wamegawanyika makundi mawili, na yote mawili yananitukana.

Kundi la kwanza linataka ripoti. “Siku nne, kimya! Nahodha Miwani ulimtoa kwa nini?” “Tukijua alikosea nini, kesho mwingine atapona.” Kundi la pili linasema familia kwanza: “Nyie ni kunguru, mnangoja mzoga.” Katikati wamekaa wataalamu ambao hawakuona chochote na wanajua kila kitu. Mmoja kasema moyo, mwingine umri, wa tatu kasema hewa chafu. Halafu mmoja akaandika maneno ambayo nimeyasoma mara tatu: “Admini hawezi kuruhusu ripoti. Aliyezama na marehemu ni mumewe.”

Nikaandika jibu refu, nikalifuta.

Aliyesema hewa chafu amepata wafuasi wengi kuliko wote. Hewa ni kazi ya Mama Mitungi.

Jumamosi, 24 Septemba

Maji maangavu kuliko siku zote, wanasema. Fundi amekaa kibarazani hadi jua likamfuata kwenye kiti, hakuhama. Mchana nimefunga gesi. Hakuuliza. Nilisubiri, nikajifanya naosha sufuria iliyokwisha kuoshwa. Nikaenda kuangalia mwenyewe.

Jumanne, 27 Septemba

Leo nimefika chini kabisa ya ile foleni, kwenye ujumbe wa mwanzo. Chini ya matusi yote, chini ya mishumaa na wataalamu, kilikuwepo kichekesho. Dakika nne na nusu. Kimetumwa Jumamosi tarehe 17, saa nne na dakika tano asubuhi. Kinasubiri idhini.

Nilikuwa nimekisahau kabisa.

Nilifunga mlango wa chumba, nikakaa kitandani. Ameegemeza simu mahali, labda kwenye ndoo, inawaona wote wawili. Boti imejaa siku hiyo, mabegi yamezagaa, hakuna nafasi ya kupita. Wamekaa uso kwa uso, magoti yanagusana. Daktari amevaa kila kitu kasoro miwani ya maji, na anasimulia kwa mikono yote miwili. Kichekesho ni cha bibi mmoja na meno ya bandia. Nitakiandika siku nyingine, leo siwezi.

Mapema kabisa, nyuma ya mgongo wa Daktari, mahali ambapo simu haioni, yanasikika makofi mawili kwenye mtungi wake. Pa, pa.

Karibu na mwisho Fundi amecheka hadi amejipinda. Anafuta machozi. Kisha, bado anacheka, ananyoosha mkono juu ya bega la Daktari kwa mbele, anaishika koki na kuivuta kuja kwake. Inazunguka. Anavuta tena. Inazunguka, inazunguka, inagoma. Anairudisha robo. Anampiga mwenzake begani, na Daktari ananyoosha mkono kuzima simu.

Sijui kuogelea, lakini jiko la gesi nalijua. Nilikaa na mtungi wa jikoni, nikaugeuza mkono wangu mbele na nyuma mpaka kiganja kikauma. Ukiwa nyuma ya mtu, kuvuta kuja kwako ni kufungua. Ukiwa mbele yake, kuvuta kuja kwako ni kufunga. Ile robo aliyorudisha inatosha hewa ya juu, inatosha kuidanganya geji. Chini kwenye mita ishirini na nane haitoshi mtu.

Mume wangu. Mkono ule ule unaonitengenezea redio.

Kwenye skrini kuna vitufe viwili, Idhinisha na Futa, vinalingana ukubwa. Wanasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilimtoa Nahodha Miwani nikalala vizuri.

Jumatano, 28 Septemba

Sijafuta. Sijaidhinisha.

Alhamisi, 29 Septemba

Vilevile.

Jumamosi, 1 Oktoba

Nimekwenda kwa mke wa Daktari. Sebule yote ni mapazia ya hoteli fulani, yamekunjwa hadi dirishani. Alikuwa anashona. Alisema akiacha mashine nyumba inanyamaza mno.

Mezani kulikuwa na simu ya marehemu. Wameirudisha, imefungwa kwa nywila, na nywila hakumwambia mtu.

“Nimejaribu tarehe ya ndoa yetu,” alisema. “Nimejaribu ya binti. Nimejaribu hata ya kufungua kliniki, nikamwonea wivu kliniki. Nikikosea mara mbili zaidi inafuta kila kitu.” Akaigeuza ile simu kifudifudi. “Sitaki picha, dada. Picha ninazo. Nataka sauti. Mtu aliyesema vile miaka yote, halafu sina hata ‘haloo’ yake moja. Ukurasani mle, huna vyake?”

“Ninavyo,” nikasema. “Vya dakika mojamoja.”

“Ulikuwa unamkata,” akasema, na alitabasamu, hakunilaumu. “Alikuwa akirudi ananisimulia ulivyokata.”

Nimempa vya zamani vyote. Kile kimoja nilitembea nacho mkobani hadi nyumbani. Nimeona aibu njia nzima.

Jumatano, 5 Oktoba

Wakaguzi wa ajali wametoa matokeo. Hewa ilikuwa safi. Mtungi ulikuwa na hewa ya kutosha. Koki ilikuwa imefunguliwa robo tu.

Nilidhani watanyamaza. Kumbe ndiyo kwanza wamepata mfupa. “Nani anafungua koki? Mama Mitungi!” “Miaka kumi tunamwamini yule mama.” “Afungwe yeye sasa.” Mwenye banda amemsimamisha kazi kuanzia leo mchana. Ninayakataa kwenye foleni, lakini wanayaandika kwingine, kurasa za watu zimejaa picha yake akiwa amebeba mtungi.

Saa kumi jioni alikuja nyumbani. Alikataa kukaa. Fundi alikuwa kibarazani, akamsalimu, yeye akaitikia vizuri tu, akaja kunikuta jikoni.

“Mama,” alisema, “mimi si mtu wa maneno. Nilifungua. Nilifungua hadi mwisho, nikapiga makofi yangu. Wewe unanijua. Watu wanakuogopa mle ndani. Niandikie neno moja tu, kwamba unanijua.”

Mkoba wangu, wenye simu, ulikuwa umening’inia kwenye kitasa cha mlango, nyuma ya kichwa chake.

Nilimwambia, “Nipe siku mbili tatu.” Aliniangalia. Akasema ahsante. Heri angenitukana.

Jumamosi, 8 Oktoba

Mvua ya kwanza. Upepo umegeuka. Gatini hakuna boti.

Jumapili, 9 Oktoba

Nimemwonyesha.

Nilimkuta anakunywa chai iliyopoa, nikaweka simu mbele yake, nikasema, “Fundi, kuna kitu nimekificha siku kumi na mbili. Ukikiona utanichukia ama utajichukia. Mimi naomba unichukie mimi.”

Alitazama hadi mwisho. Aliposikia makofi alitikisa kichwa kidogo. Alipojiona anacheka, akatabasamu, jamani, alitabasamu kabla hajakumbuka. Kisha mkono wake ukanyooka kwenye skrini, na mkono wake wa kweli, pale mezani, ukafunga ngumi.

“Nilivuta kuja kwangu,” alisema. “Kama siku zote.”

“Najua.”

“Ilizunguka. Mhariri, ilizunguka! Nikasema moyoni, aah, leo Mama Mitungi kasahau. Nikajiona nimemwokoa.” Alirudia hilo neno mara tatu. “Usiku nikilala mkono huu unafanya vile vile juu ya shuka. Nilikuwa najiuliza ni upande gani. Sikuthubutu kujijibu.”

Mimi, mwenye maneno ya kuwasahihishia watu wote, nilihamisha kiti tu, nikakaa ubavuni kwake, tukautazama ukuta. Mvua ilikuwa inapiga bati la choo cha nje. Kisha akasema, “Yule mama amesimamishwa tangu Jumatano.”

“Ndiyo.”

“Na wewe ulikuwa nayo.”

“Ndiyo. Nilikuwa nakulinda.”

“Mimi ulinilinda,” alisema. “Na yeye?” Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningejitetea. “Kesho tuanze kwa mwenyewe. Mke wa Daktari aone kabla ya dunia. Binti yake alisoma mtandaoni, huyu asisome.”

Halafu akanywa ile chai baridi, yote, mpaka majani.

Jumatatu, 10 Oktoba

Mke wa Daktari alizima mashine ya kushonea tulipoingia. Fundi hakukaa. Alisimama katikati ya mapazia kama aliyekuja kuchukuliwa vipimo, akasema, “Shemeji, mimi ndiye niliyefunga ile koki. Sikujua. Tuna video. Na ina sauti yake.”

Yeye alisikia neno la mwisho tu, nadhani. Alinyoosha mkono.

Sasa naweza kukiandika. Daktari anasema hivi: “Bibi mmoja kaja kliniki, meno ya bandia yanamcheza mdomoni kama njugu kwenye debe. Namuuliza, bibi, haya meno umetengenezewa wapi? Ananiambia, sikutengenezewa, nimerithi. Kwa nani? Kwa marehemu mume wangu. Nikamwambia, bibi, huwezi kuvaa meno ya mtu! Akanitazama hivi. Akasema, mwanangu, meno haya yamenigombeza miaka arobaini. Na mimi niache niyatumie hata wiki mbili.” Ndiyo hiyo tu, lakini kwa namna yake: anaiga bibi, anaiga meno, anarudi nyuma kueleza viti vya kliniki, anamsahau bibi, anamkumbuka. Dakika nne na nusu.

Mke wake alicheka. Alicheka kweli, mkono mdomoni, sindano bado imechomekwa kwenye kifua cha gauni. Kisha akauona ule mkono wa Fundi juu ya bega.

Akasema, “Rudisha nyuma.”

Tuliirudisha mara saba. Mara ya saba aliweka simu mapajani, akamwangalia Fundi, ambaye alikuwa analia amesimama, bila kufuta.

“Nilidhani alikufa ameogopa,” alisema polepole. “Kila nikifumba macho namwona ameogopa kule chini. Labda aliogopa, sijui. Lakini kabla yake alikuwa hivi.” Akagusa skrini. “Nimekukasirikia. Sitakudanganya, shemeji, nimekasirika, na kesho nitakasirika zaidi. Sasa kaa chini, umenikanyagia pazia la watu.”

Fundi akakaa sakafuni, palepale. Naye akamwekea mkono kichwani, akauacha huko.

Tulipokuwa tunaondoka aliniita nirudi mlangoni.

“Yule mama wa mitungi asilale na jambo hili siku nyingine. Iweke.”

“Nitaiweka. Nitaacha pale penye koki na makofi tu, ili—”

“Yote,” alisema. “Safari hii usimkate.”

Jumanne, 11 Oktoba

Asubuhi Fundi amekwenda kwa wakaguzi kuandikisha maelezo yake, kavaa shati la kazi lenye nembo ya lifti. Wamemwambia watamwita. Kutoka huko akapita kwa Mama Mitungi peke yake. Sijui walisema nini, hakunisimulia. Saa nane akakaa kwenye kompyuta, akaandika kwa vidole viwili. Alinipa nisahihishe. Sikugusa hata nukta.

“Mimi ni fundi wa lifti. Tarehe 17 Septemba nilifunga koki ya rafiki yangu nikidhani naifungua. Siku zote nilikuwa nafanya kutoka nyuma, siku hiyo nilifanya kutoka mbele. Mama Mitungi alikuwa ameifungua sawasawa, makofi yake yanasikika. Baada ya makofi hakuna mtu aliyepaswa kugusa, nami niligusa. Sikuwa mlevi, sikuwa na haraka. Nilikuwa nacheka. Mke wake ameruhusu muone. Jifunzeni.”

Chini yake nikaongeza ya kwangu: kwamba video hii ilikuwa mikononi mwangu siku kumi na nne, kwamba mama mmoja asiye na kosa alisimamishwa kazi huku nikijua, na kwamba kanuni ya nne inanihusu. Nikabonyeza Idhinisha. Kisha nikamrudisha Nahodha Miwani ukurasani, nikamkabidhi funguo za usimamizi, nikajitoa. Alijibu kwa mstari mmoja: “Rula imepinda, mama, lakini haijavunjika.” Mjinga yule. Nimelia.

Alhamisi, 13 Oktoba

Fundi anasoma kila kinachoandikwa. Nimemwomba aache, hataki. Wapo waliomwita muuaji. Wapo waliosema na wao hupita nyuma ya wenzao vilevile, na wakakumbuka siku waliyopita mbele. Hao ni wengi. Mmoja kaandika, “Nimesikiliza kichekesho mara mbili kabla sijasoma ripoti,” na hakuna aliyemgombeza.

Mama Mitungi amerudishwa kazini. Alipita hapa, safari hii akakaa. “Siku kumi na nne, mama,” aliniambia. “Nitakusamehe, lakini si leo. Leo bado nina hasira.” Nikasema ni haki yake. Akaomba chai, sukari vijiko vitatu, akaimaliza. Amesema ameandika ubaoni pale bandani: Baada ya makofi mawili, mikono juu. Hata ya rafiki.

Jumamosi, 22 Oktoba

Bahari imechafuka kabisa, rangi ya chai ya maziwa. Msimu umefungwa mapema.

Mke wa Daktari ametuma ujumbe: “Leo nimecheka kwanza ndipo nikalia. Jana ilikuwa kinyume.” Halafu: “Mwambie shemeji fimbo ya pazia la chumbani imelegea. Aje na spana.” Nilimsomea Fundi. Alikwenda kutafuta kisanduku chake cha zana, ambacho hakukigusa tangu siku ile.

Mchana nilipika, nikazima jiko, nikafunga mtungi wa gesi. Nikajikuta nimesimama hapo, nasikiliza kibarazani.

“Umefunga?” akauliza.

“Nimefunga.”

“Haya.”

Nikasubiri. Kiti hakikulia. Wiki tano nimemkosa mtu huyu ndani ya nyumba yake mwenyewe.

“Fundi,” nikaita, “njoo uhakikishe.”

Hatua kumi na moja, nilizihesabu. Alikuja akasimama mbele ya mtungi, mikono nyuma, kama aliyeletwa kwenye kaburi. Akauzunguka. Akachuchumaa. Akasema kwa sauti, neno moja moja, “Nafunga. Kulia.” Akashika koki, akajaribu. Ilikuwa imefungwa, bila shaka, miaka thelathini nafunga. Alinyanyua uso akanitazama, na hakutoa mkono mpaka nilipoinama nikaupiga ule mtungi makofi mawili.

Ndipo akainua mikono yote miwili juu, nami nikapakua chakula.